MHUSIKA WAKO ANAGOMBANA NA NANI?

Jamani waandishi wenzangu, leo tuambizane ukweli. Wahusika wetu hawaumwi. Wanapigwa, wanafukuzwa kazi, wanafilisika, wanaachwa na wake zao, lakini hawaumwi. Wanalia machozi ya kurasa mbili, wanafuta uso, halafu hadithi inaendelea kama daladala lililopunguza mwendo kwenye tuta. Ukifunga kitabu unayajua yote yaliyompata mhusika, lakini yeye mwenyewe humjui.

Nasema haya nikiwa mtu mdogo. Sina digrii, nimeishia kidato cha nne. Naishi Zinga, ambapo wengi wenu mnapapita mkiwa ndani ya basi la kwenda Bagamoyo bila kugeuza shingo. Riwaya yangu bado ni mswada wa madaftari. Anayetaka kunicheka na acheke. Lakini mla samaki ana haki ya kusema samaki hajaiva, hata kama hajawahi kushika mwiko.

Hebu niueleze ugonjwa wenyewe. Chukua hadithi yoyote ya chipukizi. Kijana maskini anapewa fedha na tajiri ili amsaliti rafiki yake waliyekua pamoja. Hapo msomaji anasogeza kiti. Mwandishi anaandika kwamba moyo wa kijana uligawanyika, upande mmoja ulimwambia chukua, upande wa pili ulimwambia acha. Aya inayofuata, kijana kachukua. Basi, imetoka hiyo! Mgogoro wa nafsi umekwisha, turudi kwenye kufukuzana kwa magari. Bwana wee, huo si mgogoro. Hiyo ni taarifa tu kwamba palikuwa na mgogoro, na sisi wasomaji tumefika watu wameshatawanyika.

Tumeupata wapi ugonjwa huu? Mimi naona milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni darasani. Tulifundishwa kuhakiki vitabu kama watu wanaojaza fomu. Dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, migogoro. Kwenye migogoro unapanga mafungu: wa kiuchumi, wa kisiasa, wa kijamii, na mwisho kabisa wa nafsi. Huo wa nafsi unaandikiwa mstari mmoja kwa sababu msimamizi ameshasema zimebaki dakika tano. Fomu hiyo haina ubaya kwa mtu anayesahihisha mitihani ya maelfu ya watoto. Ubaya unaanza pale mtu anayetaka kuandika riwaya anapoanza na fomu, akatafuta watu wa kuijaza. Anasema moyoni, "Nahitaji mgogoro wa nafsi mmoja," kama mtu anayeagiza soda.

Mlango wa pili ni hadithi za kusisimua. Hapa naomba nieleweke. Sina ugomvi na Willy Gamba. Vitabu vya Elvis Musiba nimevisoma mpaka majalada yametoka, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mshikaji wangu wa siku nyingi. Watu hawa waliwafanya Watanzania wasome kwa hiari yao, tena kwa kutoa fedha mfukoni. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974 na mpaka leo ukiitaja kijiweni utapata mtu wa kukusimulia. Lakini mpelelezi ana kazi ya kumkamata mtu. Adui yake yuko nje, anaonekana, ana bastola. Kosa ni letu sisi tunaouchukua mwendo wa mpelelezi na kumvisha mjane, mvuvi, au binti wa shule mwenye mimba. Sasa tunaandika simulizi za kwenye simu, sehemu ya arobaini, na kila sehemu lazima iishie mlango unagongwa. Mlango ukigongwa kila siku, mhusika ataipata wapi nafasi ya kukaa na nafsi yake?

Mlango wa tatu ndio mbaya kuliko yote: funzo. Mhariri mmoja alinirudishia hadithi yangu, pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: mhusika huyu ni mwema au mbaya? Amua! Nami nauliza, wewe mhariri, baba yako ni mwema au mbaya? Amua basi. Mtu mzima mwenye akili zake hawezi kulijibu swali hilo kuhusu mtu aliyeishi naye nyumba moja. Lakini mhusika wa kubuni tunataka ajibiwe kabla ya ukurasa wa kumi, ili mwishoni mbaya agongwe na lori na mwema apate mchumba.

Sasa nasikia hoja inayopendwa sana kwenye vikao vyetu: eti mgogoro wa nafsi ni ugonjwa wa Wazungu. Eti Mwafrika ni mtu wa jamii, hana muda wa kukaa peke yake chumbani akijiuliza yeye ni nani. Wanaosema hivyo hunitajia Shaaban Robert kama shahidi wao. Si mnaona majina ya watu wake? Utubora ana utu bora. Karama na Majivuno wa Kusadikika, ya mwaka 1951, kila mmoja anabeba maana yake kifuani kama kibandiko. Mtu mwema ni mwema, mbaya ni mbaya, mambo yamekwisha.

Ndugu zangu, mmesoma majina mkaacha hadithi. Nendeni mkaisome tena Adili na Nduguze. Adili jina lake ni Adili kweli. Lakini kila usiku mtu huyo mwadilifu anashika mjeledi na kuwachapa manyani wawili, na manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya ubaya waliomtendea. Anawalisha kwa mapenzi, halafu anawachapa kwa amri ya jini ambayo hawezi kuivunja. Nani atasema mkono ule haukuwa na mgogoro? Shaaban Robert alimpa mtu jina la wema, kisha akampa kazi inayoutesa wema huo kila usiku. Nyinyi mmechukua jina, mjeledi mmeuacha.

Au tumtazame Ebrahim Hussein. Kinjeketile ilitoka mwaka 1969, nchi ikiwa changa, mashujaa wanatafutwa kwa tochi. Angeweza kutuchongea sanamu tukalipigia makofi. Badala yake alituletea mtu aliyepandwa na pepo Hongo, akatoa maneno makubwa mbele ya watu, halafu alipozinduka akaanza kujiuliza yale maneno yalikuwa ya nani. Maana ndani ya ahadi ilikuwamo habari ya kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Tumtoe Mjerumani aingie Sultani? Watu wake wameshaungana kwa sababu ya yale maji na wanataka vita sasa hivi. Akisema ana shaka, umoja alioujenga unasambaratika. Akinyamaza, watu wataifuata risasi vifua wazi. Na mwisho, akiwa mfungwa, anapotakiwa aseme maji ni uongo, anakataa. Sisi tuliokuwa tunaijua shaka yake tunabaki tumeshika vichwa. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 tulivisoma kwenye historia. Lakini ule usiku ndani ya kichwa cha mtu mmoja, historia haikuweza kutupa. Tamthiliya ndiyo iliyotupa.

Na Kezilahabi je? Kitabu chake cha Rosa Mistika cha mwaka 1971 kilipigwa marufuku mashuleni, na wengi hudhani ni kwa sababu ya mambo ya mapenzi tu. Mimi nadhani kilitisha zaidi kwa sababu hakikutupatia mtu wa kumtupia mawe kwa raha. Zakaria anampiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, naye mwenyewe ni mlevi. Binti anajifunza kuogopa, na siku anapokuwa mbali na mkono wa baba hajui uhuru wake aufanyie nini. Kisha katika Kichwamaji, mwaka 1974, tunaletewa Kazimoto, msomi, anayetaka kulipiza kisasi kwa Manase aliyempa mimba dada yake. Kisasi chenyewe ni kumharibu Sabina, dada yake Manase. Anaanza na hila, anaishia kupenda, anaoa. Hakuna aliyemshikia bastola. Adui na mtetezi wanalala ndani ya shati moja. Jamani, huo ni Uzungu gani? Ni kijana wa Ziwa Victoria anayekula ugali na samaki.

Hata Mwalimu Nyerere, mwaka 1963, na shughuli zote zile za kuijenga nchi, alipotaka kumtafsiri Shakespeare alianza na Julius Caesar, tamthiliya ya mtu aliyemuua rafiki anayempenda kwa ajili ya nchi anayoipenda. Na kabla ya vitabu vyote hivyo, wahenga waliosema mshika mbili moja humponyoka walikuwa wanazungumzia nini? Walikuwa wamemwona mtu ana vitu viwili mkononi, vyote vyake, vyote anavitaka.

Hapo ndipo penyewe. Mgogoro wa nafsi si vita vya wema na ubaya. Kama upande mmoja ni wema mtupu na mwingine ubaya mtupu, msomaji ameshajua achague nini, na mhusika akichelewa tunamwona mpumbavu. Mgogoro unazaliwa pale pande zote mbili zina haki. Mvuvi anayetupa baruti baharini anajua kuliko afisa yeyote kwamba matumbawe yanavunjika na mazalia ya samaki yanakufa. Alizaliwa juu ya bahari hiyo. Lakini ana mtoto aliyerudishwa shule, na dema lake limetoka tupu siku nne. Msimwandike kama mhalifu, na msimwandike kama mnyonge asiye na hatia. Mwandikeni akiwa ameishika ile chupa, upepo umetulia, na anawaona samaki wadogo chini ya ngalawa. Wanaosema maskini hana muda wa mgogoro wa nafsi hawamjui maskini. Mwenye fedha hununua vitu vyote viwili. Asiye nacho ndiye analazimika kuchagua kila asubuhi.

Mnataka mfano wa Bagamoyo? Mnao, tena mnaukalia. Livingstone alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake walizika moyo huko, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba mpaka pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Miezi tisa! Karibu na Tabora walikutana na Mwingereza, Cameron, akawashauri wauzike huko huko. Wakakataa. Kuna mahali wenyeji hawakutaka maiti ipite, ikabidi ifungwe upya ionekane kama mtumba wa nguo. Walipofika, Waingereza wakaupokea mzigo wao. Jacob Wainwright ndiye aliyesafiri na mwili hadi London. Susi na Chuma, waliouongoza msafara, wakaachwa. Walipokuja kupelekwa Uingereza, mazishi ya Westminster Abbey yalikuwa yameshapita.

Vitabu vinawaita watumishi waaminifu. Imetosha! Watu wametembea miezi tisa na maiti, wametumia akili, wamebishana na wenyeji na Mwingereza, halafu wanapewa maneno mawili kama kibandiko cha kwenye gunia. Chuma alikuwa mtoto aliyekombolewa kutoka kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861. Usiku, moto ukiwa umezimika na ule mzigo umelazwa pale, aliwaza nini? Alikuwa anamrudisha baba, au bwana? Aliogopa kuambiwa wamemuua? Alifikiria mshahara wake? Na kama alifikiria mshahara, je, mapenzi yake yalipungua? Mimi sijui. Ndiyo maana inafaa kuandikwa riwaya. Na imeshaandikwa! Mwaka 2019 Petina Gappah, mwandishi wa Zimbabwe, alitoa riwaya ya safari ile kwa Kiingereza, akawapa usemi Halima mpishi na Jacob Wainwright. Mzimbabwe! Sisi tuliozaliwa pale safari ilipoishia tunaandika kuhusu majambazi wa Chicago ambako hatujakanyaga.

Nisije nikaonekana nawasema wengine tu, niwaonyeshe nilichonacho mezani. Mnajua habari za bandari. Mwaka 2013 makubaliano yalitiwa saini na kampuni ya China Merchants kuhusu bandari kubwa pale Mbegani. Mwaka 2015 jiwe la msingi likawekwa. Mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa masharti hadharani, na mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Kwa miaka hiyo yote, huku kwetu watu wameishi na neno moja: fidia. Magazeti yaliandika kwamba wananchi wameridhia, siku nyingine kwamba wananchi wamelalamika. Wananchi! Neno hilo lina nafasi ya kila mtu, na halina nafasi ya mtu mmoja.

Katika mswada wangu kuna mzee, wa kubuni, nimempa jina la Kibwana. Kwenye mkutano wa kijiji anasimama na kusema ardhi haiuzwi, makaburi ya wazee wake yako pale, na anayetaka fidia akauze na jina la baba yake. Watu wanampigia makofi, vijana wanambeba. Usiku huo huo, mke wake amelala, Mzee Kibwana anatoka na jembe na ndoo. Anapanda miche ya minazi kwenye upande wa shamba uliokuwa mtupu, mistari iliyonyooka, kwa sababu amesikia mthamini atahesabu miti.

Sikuandika kwamba moyo wake uligawanyika. Sina haja. Mkono ulioshika jembe umeshasema. Je, mzee ni mnafiki? Kijana wake anamwona asubuhi na kumwuliza, "Baba, hii minazi ya nini?" Naye anajibu, "Ya wajukuu." Uongo, bila shaka. Lakini bandari haijengwi, mwaka unapita, wa pili unapita, miche inataka maji na mzee anaendelea kuimwagilia. Siku moja inatoa makuti mapana na wajukuu wanacheza kivulini mwake. Sasa ile kauli ni uongo bado? Mzee mwenyewe hajui. Na siku mthamini akirudi na daftari lake, mzee atasimama wapi, mbele ya minazi au nyuma yake? Huyo ndiye mhusika ninayemtaka, na mhariri wa kalamu nyekundu akiniambia niamue ni mwema au mbaya, nitamwambia aje Zinga amwulize mwenyewe.

Basi tufanyeje? Mimi si mwalimu, lakini nayaona mambo matatu.

Kwanza, kabla hujaandika, jiulize mhusika wako anataka vitu gani viwili ambavyo haviwezi kukaa ndani ya nyumba moja. Ukipata kimoja tu, una kisa, bado huna mtu. Hakikisha na wewe mwandishi unavipenda vyote viwili. Kama huuonei huruma upande mmoja, utampendelea mwingine na msomaji atakugundua.

Pili, lifute neno moyo. Jaribu kuandika kurasa ishirini bila moyo kugawanyika, bila nafsi kumsuta mtu, bila njia panda. Utalazimika kutafuta tendo. Mwanamke asiyejua kama amsamehe mumewe anapika chakula cha watu wawili na kukila peke yake. Karani aliyekula rushwa anaanza kuhesabu chenji ya watoto wake. Tendo dogo lisilolingana na maneno ya mtu ndilo dirisha la ndani mwake.

Tatu, acheni haraka ya kumwokoa au kumuua. Tunamfikisha mtu penye uchungu, halafu tunaogopa. Tunamfanya atubu ghafla, au agongwe na gari, au azinduke na kukuta ilikuwa ndoto. Uamuzi lazima umgharimu kitu, na gharama hiyo tuione ikilipwa. Kazimoto na Rosa wote wanakufa, lakini Kezilahabi ametutembeza nao hatua kwa hatua mpaka tumechoka nao. Wewe unamuua mtu ukurasa wa nane kwa sababu daftari limekwisha.

Najua kuna watakaosema mambo haya ni ya wasomi wa Mlimani, na kwamba msomaji wetu anataka kuburudika. Msimdharau msomaji. Dada anayeuza vitumbua stendi, anayejua kwamba mume wake anamdanganya na anajua pia kwamba bila yeye kodi ya chumba haitalipwa, ana mgogoro mzito kuliko tamthiliya zetu zote za runinga. Akifungua kitabu akakutana na mwanamke mwema kama malaika na mume mbaya kama shetani, atacheka, atakifungia vitumbua. Na atakuwa na haki.

Tusipoandika sisi watu wa namna hii, hakuna atakayeandika. Ripoti ya mthamini itahesabu minazi ya Mzee Kibwana. Gazeti litahesabu wananchi waliohudhuria mkutano. Usiku ule wa jembe na ndoo hautahesabiwa popote, na miaka hamsini ijayo mtu akiuliza watu wa pwani hii walikuwa watu gani, atajibiwa kwa maneno mawili kama walivyojibiwa Susi na Chuma.

Anayepinga na apinge. Lakini apinge kwa hadithi, ailete hapa hapa gazetini tuisome, tuone mhusika wake anagombana na nani. Naomba kutoa hoja.